Tao Lililopigiwa Kura

Tao lilianguka Jumanne mchana kweupe, na aliyekufa ni nyumbu wa Gaspar peke yake. Watu wa Corbella tulimshukuru Mungu kwa hilo, isipokuwa Gaspar, ambaye alisema waziwazi kwamba kama Mungu angemuuliza, angemtajia wanachama wawili watatu wa ushirika wetu wa kwenda badala ya mnyama wake. Nyumbu maskini alikuwa amefungwa kivulini, anatafuna majani. Mafundi walipogonga kabari za mwisho na kiunzi cha mbao kilicholibeba kikashuka, tao la matofali lilisimama kidogo, kama linafikiri. Kisha mabega yake yakatanuka nje, utosi ukadidimia, na lote likaja chini kwa kishindo kilichosikika hadi kanisani.

Fundi Bartomeu Queralt alitoka kwenye vumbi mweupe kama mkate ambao haujaokwa. Hakuumia. Alitazama rundo la matofali, akamtazama nyumbu, akavua kofia. Hakuna aliyemsogelea.

Lazima isemwe tao lile lilitoka wapi. Chama chetu cha ushirika kilikuwa kinajenga ghala la mvinyo, la kwetu wenyewe, ili zabibu zetu zisiende tena kwa Bwana Rossell, ambaye kila Septemba alizinunua kwa bei aliyoiota usiku. Vita vya Wafaransa na Wajerumani vilikuwa vimekwisha majuzi tu, na chuma na mbao ndefu hazishikiki kwa bei. Matofali tulikuwa nayo, tunachoma wenyewe. Kwa hiyo kijana mmoja msomi wa ujenzi kutoka Barcelona, Eudald Forcada, akatuchorea paa la kubebwa na matao ya matofali, membamba, marefu, miguu imesimama wima na kichwa kimechongoka kidogo. Mchoro ulipofunguliwa mkutanoni, watu waliguna. Kanisa lina matao ya duara. Ghala la Rossell lina matao ya duara. Sisi maskini ndio tupewe sikio la punda?

Katika chama chetu kila kitu hupigiwa kura, hata jina la mbwa wa mlinzi. Basi tao nalo likapigiwa kura. Wengi wape: likashinda duara. Mikono yote ilikuwa juu, na mmojawapo ulikuwa wa Fundi Bartomeu.

* * *

Kesho yake Remei, mke wa Bartomeu, alipeleka nguo kwenye hodhi la kufulia. Wanawake walikuwa wamejaa upande wa juu, maji yanakoingia yakiwa safi. Mahali pake, alipofulia tangu aolewe, palikuwa pamewekwa kapu la Benvinguda, mke wa Gaspar.

"Kapu lako hilo, dada."

"Nimeliona."

"Basi lisogeze nifue."

"Kule chini kuna nafasi," Benvinguda alisema bila kuinua macho. "Nguo za mumeo zina vumbi. Zichafue maji ya mwisho, sio ya kwetu."

Wawili watatu wakacheka. Remei akashika kiuno. "Pole ya nyumbu nilikupa jana, Benvinguda. Leo unataka nikupe nini?"

"Nipe nyumbu."

Hapo wakacheka wote. Remei akajitwika kapu lake akashuka mpaka chini kabisa, yanakotokea maji ya kijivu yenye povu la wenzake, akafua shati moja baada ya jingine akiwa ameinama. Ilimuuma, na waliomwona walijua kwamba imemuuma. Mmoja, kwa huruma ya aina yake, akamwambia kwamba Jumapili chama kinakutana kuamua kuwaita mafundi wa Reus. "Ila wewe huna shida, mwenzangu. Si una kaka kwenye kiwanda cha nguo kule Sabadell? Mtapata pa kwenda."

Nyumbani alimkuta mumewe ameketi akitazama ukuta, na mama yake mzazi, Bibi Tecla, akimtazama mkwe wake.

"Tangu asubuhi yuko hapo," Bibi Tecla alisema. "Mkwe, na huo ukuta utauangusha kwa macho?"

"Mama, mwache."

"Nimwache aende wapi? Mimi mifupa hii siipeleki Sabadell kusikiliza mashine. Nimekanyaga zabibu za ukoo wa Rossell tangu ningali msichana, nikiingilia mlango wa nyuma na kutokea huohuo. Nilikuwa nangoja ghala hili. Sasa naambiwa nyumbu ndiye aliyewahi kuliingia."

Remei akaketi mbele ya mumewe. "Niambie ukweli, Bartomeu. Ulijua?"

"Nilijua mchoro ulisema vingine. Sababu yake sikuijua."

"Basi mkono uliinua wa nini?"

Bartomeu aligeuza macho kutoka ukutani. "Waliniuliza mbele za watu, 'Wewe ni fundi, au ni karani wa mchoro?' Nikaona haya kusema duara siliwezi. Baba yangu alijenga maduara. Nikasema moyoni, nitaliweza."

Remei alitaka kumfokea, akashindwa. Alimpenda sana, na alijua haya ile ilivyo, kwa kuwa yake mwenyewe ilikuwa bado imemganda usoni kutoka kwenye hodhi.

* * *

Forcada alifika Alhamisi juu ya nyumbu wa kukodi, na watu wakamtazama yule nyumbu kuliko walivyomtazama yeye. Alizunguka rundo la matofali, akapima kwa mkono hapa na pale, hakumkaripia mtu. Kutokaripiwa kulimchoma Bartomeu kuliko matusi. Usiku ule, kama ilivyo desturi, msomi alikula na kulala nyumbani kwa fundi.

Chungu cha maharage kilikuwa kinaning'inia juu ya moto kwa mnyororo. Forcada alikitazama, kisha akainuka.

"Bibi, naomba nishushe chungu."

"Hayajaiva."

"Kidogo tu, bibi."

Akakiteremsha, akaufungua mnyororo, akaushika ncha mbili na kuutundika kwenye misumari miwili ya ukutani. Mnyororo ukalegea katikati, ukatulia.

"Fundi, nani ameupinda hivi?"

"Hakuna mtu. Umejipinda kwa uzito wake."

"Pete hii inafanya kazi gani?"

"Inavuta mwenzake, na mwenzake anaivuta."

"Iko pete inayosukuma?"

"Mnyororo utasukumaje? Ukisukuma unakunjamana."

"Vizuri. Sasa chukua umbo hilihili, ulipindue, tumbo liwe utosi. Palipokuwa na kuvuta pote pageuke kuwa kusukuma. Tofali litasemaje?"

Bartomeu alisimama taratibu. Alisogea ukutani, akapitisha kidole kwenye pete, moja hadi nyingine, midomo ikichezacheza. "Tofali halina ugomvi na kusukumwa," alisema. "Lisukume siku nzima, litakaa. Ukilivuta ndipo linapoachana na mwenzake."

Forcada akaokota kaa, akachora mnyororo ule ukutani, umepinduliwa, huku Bibi Tecla akisonya kwa ajili ya chokaa yake, kisha juu ya mchoro akapitisha nusu duara. Mistari miwili ilikutana chini na katikati, lakini mabegani iliachana kabisa. "Uzito una njia yake, nayo ni hii ya mnyororo. Haibadiliki kwa kuwa hatuipendi. Ukiifuata kwa tofali, uzito unapita ndani ya tofali mpaka chini. Ukijenga duara, njia inatoka nje. Hapa."

"Hapo ndipo lilipofunguka," Bartomeu alisema. "Begani."

"Na la kanisani mbona limesimama?" Remei aliuliza.

"Kwa sababu kuta za kanisa ni nene kama mlima. Njia imo mle ndani, imejificha. Ninyi mna unene wa tofali moja na nusu, mama. Haina pa kujificha. Wanahisabati wana mlinganyo wa mstari huu. Nimejaza nao kurasa nzima, kila mita na kimo chake. Lakini hata wao walianza kwa kutazama mnyororo."

Bartomeu akamgeukia, na kwa mara ya kwanza tangu Jumanne alikuwa na hasira, na hasira ilimpendeza. "Kwa nini hukuniambia haya wakati wa baridi? Ulinipa mchoro, hukunipa sababu!"

"Nilidhani mchoro unatosha."

"Unamtosha mtu anayejenga peke yake. Mimi najenga na watu mia, na kila mmoja ana mkono wa kupigia kura. Wakiniuliza kwa nini, niwajibu nini? Kwamba Barcelona imesema?"

Forcada aliona haya, akacheka kidogo. "Basi kosa tugawane, fundi. Jumapili nitakwenda mwenyewe niwaeleze."

"Hapana. Ukisema wewe wataisikia Barcelona, na Barcelona wataipinga kwa furaha. Nitasema mimi. Mkono niliinua mimi."

"Gawaneni, semeni," Bibi Tecla alisema, "lakini mnyororo wangu urudi. Watu mtalala njaa hapa kwa ajili ya hesabu."

* * *

Mkutano ulikuwa kwenye mkahawa wa chama. Wanaume kwenye viti. Wanawake, ambao hawakuwa na kura, wamesimama nyuma kwenye mlango na madirisha, wakisikia kila kitu na kusema zaidi ya walivyosikia. Mwenyekiti, Sebastià mhunzi, aligonga meza. Shauri lilikuwa moja: kumwondoa Fundi Bartomeu na kuita mafundi wa Reus.

Bartomeu akaomba kusema. "Ndugu zangu, kura ya duara mlipiga ninyi. Lakini ninyi ni wakulima. Mna haki ya kutojua. Mimi ni fundi. Nilikuwa na mchoro mkononi unaosema vingine, nikainua mkono kwa kuogopa kuchekwa. Kosa la kura ni lenu. Kosa la mkono huu ni langu."

Ukumbi ulivuma. "Umelikiri mwenyewe!" Gaspar alipiga kelele. "Mwenyekiti, andika!"

"Koleo likivunjika, Gaspar, uhunzi haukomi," Sebastià alisema. "Mwache amalize. Fundi, una nini hapo?"

Bartomeu alikuwa na vibao viwili vilivyokatwa kwa msumeno: kimoja nusu duara, kingine kirefu kama mnyororo uliopinduliwa. Akamwita mkewe. Remei akapita katikati ya wanaume na beseni. Ndani mlikuwa na vipande vya sabuni, ile sabuni ya mafuta ya zeituni aliyoichemsha mwenyewe majira ya baridi, miche ya kufulia mwaka mzima, sasa imekatwa vipande vyembamba kwa kisu cha jikoni. Wanawake walioko nyuma waliguna kwa uchungu. Sabuni ile kila mmoja aliijua thamani yake.

Akapanga vipande juu ya duara, kimoja kikiegemea kingine, akabana miguu kwa vitabu viwili vya chama. Akavuta kibao. Mabega yakatanuka, utosi ukashuka, sabuni ikatapakaa mezani. Watu walikuwa wameshaona kitu hicho kikianguka hivyohivyo, kwa ukubwa wake kamili.

Akapanga tena vipande vilevile, akiongeza vichache, juu ya kibao kirefu. Akavuta. Tao la sabuni likabaki peke yake juu ya meza ya mkahawa, limesimama.

"Limegandana," mtu akasema. "Sabuni mbichi hiyo."

"Ni ya Januari!" Remei alijibu, akisahau kwamba hana ruhusa ya kusema. "Njoo unuse!"

Gaspar akainuka, akaja mpaka mezani, akainama akalichungulia tao kwa jicho moja. Kisha akapiga meza kwa ngumi. Vikombe viliruka, kahawa ikamwagika juu ya suruali ya mwenyekiti. Tao likatikisika, likatulia.

Bartomeu akawaeleza habari ya mnyororo, pete kwa pete. Aliwaeleza kwa maneno ya shambani, kwa kamba ya kisimani na gunia begani, na Forcada, aliyekaa kona ya mwisho, hakufungua mdomo. Wakauliza maswali, mengine ya kipumbavu, mengine mazuri kabisa. Ilichukua muda mrefu kuliko misa.

"Haya," Gaspar alisema mwishowe. "Sabuni nimeiona. Lakini juzi nilitoa nyumbu. Mara hii mnyama sina. Kiunzi kikishushwa, chini ya tao asimame fundi mwenyewe."

Nyuma, wanawake walimgeukia Remei. Bartomeu hakumtazama mkewe.

"Nitasimama."

Ikapigwa kura: tao moja. Likisimama, fundi aendelee na yote manane. Likianguka, hakuna haja ya kumfukuza mtu.

* * *

Walianza mwezi wa Juni. Waliazima minyororo ya visima, wakaiunganisha, wakaitundika kwenye ukuta mrefu wa ghala, upana wote, na Bartomeu akaufuata mstari wake kwa brashi ya chokaa. Kutoka ukutani wakapima, wakapindua, wakakata mbao. Forcada alikagua kila kimo kwa karatasi zake, na mahali pawili akasahihisha, kwa kuwa paa litakaloongezwa juu lina uzito wake nao. Akaeleza, na safari hii sababu ilitangulia mchoro.

Wakala wa Rossell alikuwa akipita na gari lake la farasi kila wiki, na kila wiki alisimama. "Bado mnajenga sikio la punda? Jengeni, jengeni. Mpate kulisikilizia bei yangu ya Septemba!" Watu waliendelea kupanga matofali. Zabibu zilikuwa zimeanza kujaa kwenye mizabibu, na kila mtu alizihesabu siku kimoyomoyo.

Siku ya kushusha kiunzi kijiji kizima kilikuja, kikasimama mbali, nje ya kivuli cha kuta. Bartomeu alivaa shati lake la kanisani. Akapita kati ya nguzo za kiunzi mpaka katikati, chini ya utosi kabisa, akasimama na kofia mkononi.

Remei akafungua aproni, akampa jirani, akamfuata.

"Rudi," Bartomeu alimwambia kwa sauti ya chini.

"Sirudi."

"Remei, sitanii."

"Na mimi nimekuja kutania? Sabuni ya mwaka mzima nimeikata kwa mkono wangu. Ama ni tao letu, ama si letu."

"Mtu mmoja ametosha."

"Kwa nani? Likuue wewe, mimi nibaki na mama yangu peke yangu? Afadhali tofali."

Mumewe alicheka, akiwa na machozi. Akamshika mkono. Na hapo watu wakaona Bibi Tecla anakuja, anaburuta kiti cha jikoni kwenye kifusi, hatazami kulia wala kushoto. Alikiweka katikati yao, akaketi, akatandaza sketi.

"Mama, jamani!"

"Nimechoka kusimama. Mwambie Sebastià agonge."

Sebastià mwenyewe ndiye aliyeshika nyundo. Aligonga kabari ya kwanza, ya pili, akizunguka, taratibu, upande huu na upande ule. Kiunzi kikalia, kikashuka kidogo. Mwanga mwembamba ukaingia kati ya mbao na matofali, ukatambaa kutoka begani hadi utosini, hadi bega la pili. Vumbi la chokaa likawamwagikia wale watatu vichwani. Tao lilishuka kadiri ya unene wa ukucha. Kila mtu aliliona likishuka, na Benvinguda akapiga ukelele. Halafu halikushuka tena.

Sebastià akagonga kabari ya mwisho, ikadondoka. Hakuna ubao ulioshika kitu. Lile tao jembamba, la tofali moja na nusu, lilikuwa limejibeba, na lilikuwa zuri. Tulikuwa tumezoea kusema sikio la punda. Siku ile hakuna aliyethubutu, na mpaka leo ukilisema neno hilo Corbella utaoneshwa njia ya kutokea.

Forcada alikuwa analia wazi, miwani mkononi. Gaspar alivua kofia, akaingia chini, akatazama juu mpaka shingo ikamuuma.

"Fundi," akasema. "La pili lini?"

"Leo," Bartomeu alijibu. "Kiunzi kipo na watu mpo. Mnangoja Septemba iwakute mmesimama?"

Ndipo umati ulipovunjika. Wanaume wakaingia kwenye nguzo, wakazifungua, mbao zikaanza kupita mkono kwa mkono kwenda mahali pa tao la pili. Wanawake nao wakapanga mstari wao. Remei alishika ncha ya ubao mrefu, akahisi uzito umepungua, akageuka: ncha ya pili ilikuwa begani kwa Benvinguda. Waliupeleka, wakaurudia mwingine.

Nafasi ya chini ya tao ikabaki wazi, kiti tu katikati, na Bibi Tecla juu yake na chokaa kwenye nywele.

"Mama, inuka," Remei alimwita. "Upo njiani, watu wanapitisha mbao."

"Wapite pembeni."

"Mama, limeshasimama. Huna haja ya kulilinda."

"Nani kasema nalilinda?" Alitazama juu, kwenye tofali la utosi. "Maisha yangu yote nimefanya kazi chini ya mapaa ya watu. Hili ndilo la kwanza kuwa langu. Niacheni nikae."

Wakapita pembeni.